Sega Zima

Mtungi wa asali ulikuwa unavuma. Jobeda aliinua kifuniko adhuhuri aonje kidogo, akasikia mvumo wa mzinga mzima, na ndani hamkuwa na nyuki hata mmoja. Akafunika haraka.

Siku kumi na nne mumewe Moksed alipokuwa mwituni akirina asali, Jobeda alishika miiko yote ya wake wa warinaji. Hakutia mafuta nywele, hakufua kwa sabuni, hakukaanga pilipili. Nani pale kijijini Gabura asiyejua? Moshi wa pilipili ukipanda nyumbani, Bibi wa Mwitu humpa mume kisogo, na Mjomba, yule mla watu mwenye milia tusiyemtaja jina, humwona wazi. Mwanamke alikula wali mkavu, kichwa kikimwasha, ili mwanamume arudi mzima. Akarudi mzima na mtungi ule wa asali, tena amenenepa.

Kesho ya mtungi kuvuma, samaki wa matope, wale wanaotembea kwa mapezi, walipanda tuta la kuzuia maji wakajipanga kizingitini. Mdiria akatua paani asilie. Alasiri paa watatu wenye madoa walisimama uani, na mbwa akajikunja nyuma ya jiko akitetemeka. Wote walitazama mahali pamoja tu: bembea ya Tuli, binti wa Jobeda, mtoto wa miezi mitano.

Siku ya tatu pomboo waliingia mfereji ambao haukuwahi kuwaona, wakainua vichwa kuelekea nyumba, na mamba akalala juu ya tuta mdomo wazi, na harufu ya asali na tope bichi ikajaa chumbani hata pumzi ikawa nzito, na Tuli, ambaye sasa hakulia wala kunyonya, alipofungua kinywa ukatoka mvumo uleule wa mtungini.

Mama mkwe, Bibi Sokhina, akakimbia kumwita Fakiri Kalu, mganga wa warinaji. Fakiri aliweka sikio kifuani kwa mtoto.

"Jini la mwitu," alinong'ona. "Linadai watoto wake. Moksed, uliliachia sega majana yake, watoto wa nyuki?"

"Niliacha, fakiri."

"Nitazame usoni."

"Basi... nilikata sega zima. Lakini majana yapo, sijayagusa."

"Yarudishe peke yako, sasa hivi, kwenye mti uleule. Na kama kuna uliyoyala, sema. Kilicholiwa hurudi na tumbo lililokila."

"Hata moja! Ah, mimi ni mtu wa kula watoto?"

Moksed alichukua furushi lake la majana, akapiga kasia kuelekea mwituni. Fakiri naye akashika njia yake, bila kuaga.

Jobeda aliinama kuokota nguo ya mtoto, akaona jani la mgomba limesukumwa uvunguni. Lilikuwa na mafuta, chumvi, na vichwa vidogo vyeupe vya majana yaliyokaangwa. Moksed alipenda utamu huo tangu utotoni, na alikuwa ameula wote isipokuwa yale machache ya kumdanganyia fakiri.

Hasira ilimpanda Jobeda hata meno yakamuuma. Siku kumi na nne kichwa kinamwasha! Na mtoto wake sasa amelegea, mvumo wenyewe unafifia.

Akachukua chupa ya mafuta, akajimiminia utosini, akachana nywele taratibu. Kisha akawasha jiko, akatia kikaangoni pilipili kavu, konzi nzima.

Bibi Sokhina akaingia akikohoa. "We mkwe, una wazimu? Mwanangu yuko mwituni!"

"Najua, mama."

"Zima! Zima, atamwona!"

Jobeda alimpa lile jani. "Nusa, mama. Kisha mwangalie mjukuu wako, uniambie nizime."

Bibi kizee alinusa. Akamtazama Tuli. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye kikaango, ukarudi. Akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa shela, akalipa jiko kisogo.

Ng'ambo ya mto kima walipiga kelele wote kwa pamoja, kama wafanyavyo wanapomwona Mjomba, wakanyamaza. Pomboo wakazama, paa wakaondoka.

Tuli akapiga chafya kwa moshi, akalia kwa njaa. Jobeda alimpakata, akampa ziwa, na kwa mkono mwingine akaendelea kugeuza pilipili.