Karatasi za Kufungia Nyama

Mwaka wa 1987 mji wa Emali ulikuwa na bucha nne, na watu wengi walipenda bucha ya Mulei. Mizani yake haikudanganya. Mulei alikuwa pia mzee wa kanisa. Hakupenda nyama iliyolala, na hakupenda vijana waliochelewa ibada.

Siku hizo nyama ilifungwa kwa magazeti ya zamani. Kila mwisho wa mwezi lori kutoka Mombasa lilisimama na utingo akashusha furushi la karatasi. Mulei alilipima kwa mizani ileile ya nyama, akalitupa stoo. Hakulifungua hata siku moja. Kulifungua ilikuwa kazi ya Kisilu, mwanawe wa miaka kumi na miwili. Baada ya shule Kisilu alikaa stoo peke yake, akikata karatasi na kuzipanga.

Siku moja Kisilu alitoka stoo, akasimama kando ya meza ya nyama.

"Baba, nina neno."

"Neno gani? Huoni wateja? Leta karatasi."

Kisilu alileta karatasi. Neno lake akabaki nalo.

Tangu siku hiyo mtoto alibadilika. Aliacha mpira. Stoo alikaa muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Mwalimu alisema haelewi anachofundishwa. Nthenya, mama yake, alidhani ni minyoo, akampa dawa mara mbili. Maskini minyoo, haikuwa na hatia.

Alhamisi moja Nthenya alitoa godoro la Kisilu alianike juani. Chini yake alikuta kurasa sita zilizokunjwa. Zilikuwa picha za ngono za watu wazima, kutoka gazeti la ng'ambo. Nthenya alikaa chini palepale sakafuni.

"Aiya! Nyumbani kwangu?"

Mulei alipoziona alizitupa mezani kwa hasira. Alimwita Kisilu.

"Nani amekuharibu? Ni wale vijana wa stesheni?"

Kisilu alitikisa kichwa.

"Sawa. Jumapili utasimama mbele ya kanisa utubu. Kila mtu asikie."

Usidhani Mulei hakumpenda mwanawe. Alimpenda sana. Lakini katika kanisa lao mtu aliyekosa alitubu mbele za watu, na Mulei mwenyewe ndiye aliyewaita watu mbele. Alijiuliza atawezaje kumficha wa kwake.

Ijumaa Kisilu hakula. Alimwambia mama yake kwa sauti ndogo, "Mama, nikisimama pale, Jumatatu hamtaniona. Treni ya Mombasa si inasimama hapa?"

Nthenya alijua mtoto hatanii. Aliogopa sana. Aliacha chakula mezani, akavuka barabara hadi kwa Sista Mbula. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati, tena mwalimu wa shule ya Jumapili. Nthenya alimweleza yote.

Jumamosi mchana Sista Mbula alikuja. Walikaa wanne nyuma ya bucha.

"Baba Kisilu," Sista Mbula alisema, "umeuliza hizo karatasi zilitoka wapi?"

"Zilitoka kwa shetani!"

"Shetani hana lori, mzee. Muulize mtoto. Muulize polepole, halafu unyamaze umsikie."

"Polepole? Kwani amefanya vizuri?"

"Hajafanya vizuri. Lakini mtu akiletwa zahanati amechomwa na mwiba, mimi simchapi. Natafuta mwiba uko wapi."

Mulei alikohoa. Akamgeukia mwanawe. "Haya, Kisilu. Zilitoka wapi?"

"Kwa furushi, baba. Furushi letu la hapa dukani. Nilikuja kukuambia siku ile. Ukasema nilete karatasi."

Mulei aliangalia mizani yake iliyoning'inia ndani.

"Nilizipima mimi mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu."

Kisilu alianza kulia. "Kwanza niliogopa. Halafu nikaangalia tena. Kila siku nasema ni mara ya mwisho. Hata nikiomba, zinanijia kichwani."

Nthenya alimvuta kwake. Sista Mbula alingoja mpaka machozi yapungue.

"Kisilu, kutaka kujua habari za mwili si dhambi. Mungu ndiye aliyeuumba, na hakukosea. Lakini picha hizi ni uongo. Hao watu wamelipwa wajifanye. Hapo hakuna upendo wala heshima. Tena zinavuta. Ukiangalia leo, kesho unataka zaidi. Ndiyo maana kuacha peke yako kumekushinda. Sasa hauko peke yako."

Kisha akawageukia wazazi. "Na nyinyi, nani kati yenu amemweleza huyu mtoto habari za mwili wake?"

Nthenya alimwangalia Mulei. Mulei aliangalia viatu vyake.

"Nyanya zetu walikuwa na njia yao ya kufundisha vijana," Sista Mbula alisema. "Sisi watu wa kanisa tukasema hayo ni mambo ya giza, tukayaacha. Sawa. Lakini tuliweka nini mahali pake? Tuliweka kimya. Sasa lori ndilo linatufundishia watoto."

"Tufanye nini, sista?" Nthenya aliuliza.

"Hizo karatasi zitoke leo. Asikae stoo peke yake. Ongeeni naye mara nyingi, kidogo kidogo, kama mnavyoongea habari za shule. Ombeni pamoja naye. Akianguka tena, aweze kuja kwenu bila kuogopa kiboko. Na kesho asisimame mbele ya watu. Mtoto akiaibishwa haachi. Anajifunza kuficha tu."

Alasiri hiyo baba, mama na mtoto walikagua furushi lote, karatasi moja moja. Chafu zote zilichomwa chini ya sufuria ya supu. Supu ya Jumamosi hiyo ilichemka mapema ajabu.

Baadaye Mulei alikaa na mwanawe stoo, wakikata karatasi pamoja. Kununua fahali mkali kulikuwa rahisi kuliko maneno aliyotaka kusema.

"Mimi nikiwa na umri wako," alianza, "nilikuwa na maswali mengi kuhusu wasichana."

"Wewe, baba?"

"Kwani nilizaliwa mzee wa kanisa?"

Kisilu alicheka. Nthenya alimsikia akiwa mlango wa pili, akamshukuru Mungu. Hakuwa amesikia kicheko hicho kwa wiki nyingi.

Jumapili, wakati wa kutubu, Mulei alienda mbele. Kisilu alishika benchi kwa mikono miwili.

"Leo sijaita mtu," Mulei alisema. "Nimejiita mimi. Karatasi chafu zimepita dukani kwangu, na sikuzikagua. Tena nimekuwa baba ambaye mtoto akija na neno, anaambiwa kuna wateja. Wazazi wenzangu, mtoto wenu akiwa na swali, anamuuliza nani?"

Jina la Kisilu halikutajwa. Baada ya ibada wazazi walimzunguka Mulei kuliko wanavyoizunguka bucha siku ya Krismasi. Tangu siku hiyo, Sista Mbula aliwafundisha wazazi Jumamosi moja kila mwezi, na benchi zilijaa.

Kisilu hakupona kwa siku moja. Mara mbili alikuja akasema, "Baba, zimenijia tena." Mulei hakumchapa. Walitembea pamoja mpaka reli, wakaongea, wakaomba, wakarudi. Polepole picha zilififia. Mpira ukarudi, na masomo yakarudi. Mwisho wa mwaka Kisilu alikuwa wa tatu darasani na golikipa wa shule. Mama yake alitangaza habari hizo soko zima, na nani angemlaumu?

Siku moja kabla ya Krismasi, foleni ya nyama ilifika barabarani. Kisilu alipenya katikati ya watu, akasimama kando ya meza.

"Baba, nina neno."

Mulei aliweka kisu chini. Alipangusa mikono.

"Wateja, mtangoja kidogo."

"Mulei! Leo?" watu walipiga kelele.

"Nyama haitoroki," alisema. Alimshika mwanawe bega, wakaenda nyuma ya bucha.

"Ni Muli wa darasa letu," Kisilu alisema. "Anazo picha kama zile. Anataka kuacha, lakini anaogopa kumwambia baba yake. Nimemwambia wewe husikiliza."

Mulei alitabasamu.

"Yuko wapi?"

"Yuko hapo kwa foleni."

Mulei alivua aproni yake ya damu, akavuta benchi kivulini.

"Mwite," alisema.