Kompyuta ya Bei ya Pikipiki

Mpimabei alisimama katikati ya ukumbi wa Baraza la Jiji la Tanga, akanyoosha mkono wake wa chuma na kuchora mstari wa mwanga hewani. Roboti huyo alikuwa na kazi moja tu: kulinganisha bei za mitambo, muongo kwa muongo.

“Miaka ya 2030, kompyuta kuu moja iliuzwa kwa bei ya jengo la ghorofa,” alisema. “Miaka ya 2050, bei ya nyumba ya kawaida. Miaka ya 2070, bei ya gari. Leo, bei ya pikipiki.”

Madiwani wakapiga makofi. Bwana Kaniki, wakala wa kampuni iliyoleta kompyuta mpya iliyokuwa mezani, na nyingine ya akiba, alikenua meno yote nje. Ilibaki kura tu, kisha kompyuta hiyo ikabidhiwe mabomba yote ya maji ya jiji.

Mhandisi Namkunda Mshana, mkuu wa idara ya maji, hakupiga makofi. Idara yake ilikuwa na desturi ya tangu zamani: mtambo hauingii kazini kabla fundi hajaufungua kwa mikono yake, akauelewa, akaufunga.

“Mpimabei,” aliita, “hii ya leo, nani ana ruhusa ya kuifungua?”

“Swali hilo halimo katika bei.”

“Ndiyo maana ni rahisi! Kila muongo wanatupunguzia bei, wanatupunguzia na mamlaka. Mheshimiwa Meya, naomba nifuate desturi.”

“Ukiigusa utailipa wewe!” Kaniki alifoka.

Meya alisita, kisha akatikisa kichwa kukubali. “Fungua, Mhandisi.”

Namkunda akatoa bisibisi. Skrubu ya kwanza ilipolegea tu, taa zote za kompyuta zikazimika. Maandishi yakatokea: MTAMBO UMEFUNGWA NA MWENYE MALI.

“Mwenye mali si sisi?” diwani mmoja aliuliza. “Si tunainunua?”

Namkunda aliiwaza wodi ya wazazi, mama amejifungua na bomba limekauka kwa sababu mwenye mali huyo wa mbali amekasirika na kuufunga mtambo. Aliogopa, na woga ukamzidishia hasira.

“Umeiua! Mshahara wako umekwenda!” Kaniki alisema.

“Ukate.” Namkunda hakupepesa macho. “Si umekuja nazo mbili? Ilete na ya pili, nayo niifungue.”