Ufa wa Kiti cha Mama Honorine

Asubuhi katika mtaa wa Katuba huanza kwa nyundo ya Floribert. Hutengeneza milango, madirisha na vitanda mbele ya nyumba yake, na kwa chuma hana mpinzani. Lakini aluminium si chuma, na hapo ndipo fundi wetu alipoteleza.

Mama yake, Honorine, hutembelea kiti cha magurudumu cha aluminium. Bomba moja la kiti likakatika. Floribert akaliunga kwa poste yake ya kuchomelea kwa gesi. Kama kijiti cha kuungia, yaani baguette, alitumia kipande alichokata kwenye bomba lilelile. Aliamini kidonda hupona kwa nyama yake yenyewe.

Wiki haikuisha. Kiti kikalia ta! na Mama Honorine akajikuta chini, sahani ya bukari, yaani ugali, mapajani.

— Floribert! Njo vile unatengeneza? Jumamosi mariage ya Dorcelle, nitacheza namna gani? Na magoti?

Floribert aliona aibu. Dorcelle ni binti yake wa kwanza, na bibi alikuwa ameapa kumchezea arusini.

Jirani yao Gaëlle, mwalimu wa soudure, kazi ya kuunga vyuma, katika shule ya ufundi, alisikia kelele akaja. Akauinamia mshono, pale bomba lilipoungwa. Ufa ulikuwa umepita katikati yake, wima kama uzi.

— Papa Flori, baguette ulitoa wapi?

— Mu bomba yake yenyewe. Si ni ndugu yake?

— Njo kosa! Aluminium ikiyeyuka, inapola, inaganda na kujipanga machembe-machembe. Hii aina ya bomba, ukiiunga na ndugu yake, machembe inakuwa mikubwa, mirefu. Inatoka huku na huku, inakutana mu katikati. Na aluminium ikipola inajikaza, inavuta. Pale katikati njo panapasuka.

Mama Honorine akasahau hasira.

— Kumbe iko sawa bukari! Ukivuruga mubaya, inakuwa na mabonge, na inapasukia pale mabonge inakutana.

— Mama, kuja unisaidie kufundisha!

Gaëlle akaleta baguette nyingine, yenye silicium na titane kidogo. Titane husaidia chembe ziwe ndogo. Silicium husaidia majimaji ya mwisho yajaze mianya kabla mshono haujaganda.

Floribert akausaga mshono wa zamani wote. Akafuta mafuta, akasugua kwa brosi ambayo haijagusa chuma. Akaunga bila kuzidisha moto. Alipofika mwisho, alitaka kuzima haraka kama alivyozoea.

— Pole pole! Jaza kwanza kale kashimo ya mwisho. Ukikaacha, fissure, ule ufa, inaanzia pale.

Kiti kilipopoa, wakapaka mafuta ya taa juu ya mshono, wakayafuta, kisha wakapaka chaki. Kama kungekuwa na ufa, mafuta yaliyoingia humo yangetoka na kuchora mstari kwenye chaki. Walingoja. Chaki ilibaki nyeupe pe. Floribert alimkumbatia mama yake, na masizi yake yote.

Jumamosi, ngoma zilipokolea, wajukuu walikizungusha kile kiti mpaka kitambaa cha kichwani cha bibi kikaruka. Floribert alisimama kando, roho juu, macho kwenye mshono.

— Mwanangu, unaogopa nini? bibi akapaza sauti. Bukari ya leo haina mabonge! Wajukuu, muzungushe tena!