Jina la Nne

Haya yalimpata rafiki yangu Tongun, fundi wa programu wa Awindiri, mjini Arua. Siku moja aliitwa aende mji wa Koboko, kwenye ofisi inayowatafuta ndugu waliopotezana vitani. Tovuti yao ilionyesha orodha tupu, na watu walikuwa wamesubiri kwenye benchi tangu asubuhi.

"Tongun, hii watu nitaambia nini tena?" Viktoria, msimamizi wa ofisi, aliuliza kwa sauti iliyochoka.

"Ngoja kidogo, mama. Shida iko kwa huduma ya data, ile inaleta majina."

Macho yalimwasha kwa uchovu. Alichomoa waya wa intaneti, akaupa ukurasa huduma ya majaribio, iliyo ndani ya kompyuta yake tu, badala ya ile halisi. Humo aliandika majina matatu ya kutunga. Nje mawingu yalitanda, chumba kikaingia giza, mvua ikaanza kupiga bati. Akaufungua ukurasa.

Yakatokea majina manne.

Alikagua alichoandika: matatu. Akafungua tena: manne. Mvua ikakatika ghafla, akasikia pumzi zake mwenyewe.

La nne lilikuwa lake. Kando yake, penye jina la anayemtafuta, paliandikwa jina la mama yake, ambaye Tongun alimzika kijijini Lobule mwaka juzi. Mama alikuwa amejiandikisha dakika mbili zilizopita.