Vijikaratasi vya Ghorofa ya Tatu

Jumanne asubuhi visanduku viwili vya karatasi za maelezo katika ghorofa ya tatu ya hospitali vilikutwa vitupu kwa mara ya tatu: cha roshani ya wagonjwa, na cha jikoni, ambako jamaa wa wagonjwa hupasha chakula. Vilivyoibwa ni vijikaratasi vya aina moja tu, vya saratani ya kongosho: inavyotibiwa, inavyommaliza mtu, na kwa nyuma namba ya simu ya wauguzi wanaopanda hadi vijiji vya milimani kutuliza maumivu.

"Ni Polixeni," alisema mkurugenzi, Bi Karali. "Msafishaji ndiye anayeingia kote na mfuko wa taka. Kuna mgonjwa amerudi kijijini bila hiyo namba, akafa akilia kwa maumivu. Nipe jina jingine kabla ya saa sita mchana, la sivyo anaondoka."

Kosmas, sajenti mstaafu wa polisi na sasa mlinzi wa hospitali, alipanda ngazi kwa shida. Lifti ilikuwa mbovu, na magoti yake pia.

Polixeni alikuwa jikoni na ndoo yake.

"Umekuja kunifunga pingu, mzee?"

"Zilinishinda uzito nikazirudisha. Ulipiga deki saa ngapi?"

"Alfajiri. Kisha mtu akanichafulia. Tazama!"

Sakafuni palikuwa na michirizi myembamba iliyokauka, ikitoka mlangoni hadi kwenye kisanduku na kurudi. Kosmas aliitazama, akaenda roshani.

Huko kwenye baridi alimkuta Areti, mke wa Zisis, mfuga nyuki wa chumba namba nane. Wengine walivuta sigara. Yeye alikumbatia kikapu tu.

"Umeanza kuvuta, mama?"

"Napunga hewa, kaka."

"Na kikapuni?"

"Pai ya mchicha."

"Nionjeshe basi."

 Areti alifunua kitambaa mwenyewe. Chini ya pai mlikuwa na vijikaratasi.

"Zisis anadhani ana vidonda vya tumbo," alinong'ona. "Daktari aliniita pembeni akaniambia mimi peke yangu kuwa ni saratani hii. Hapa roshani ndipo wagonjwa wanaposoma. Angeviona, angegeukia ukutani afe."

"Na vya jikoni?"

"Jikoni? Nivichukue vya nini? Kule tunasoma sisi tunaouguza, na mimi nimeshajua. Andika kwamba vyote nilichukua mimi ukitaka, ila asiambiwe."

Kosmas alimwamini. Aliyeiba roshani aliwaficha wagonjwa ukweli. Basi aliyeiba jikoni aliwaficha wanaouguza, na mtu wa namna hiyo angeweza kuwa mgonjwa tu.

Katika chumba namba nane, Zisis alikuwa amelala, stendi ya dripu kando yake. Kosmas aliinama, magoti yakilalamika, akagusa magurudumu madogo ya stendi. Yalikuwa na sabuni iliyokauka, membamba kama ile michirizi ya jikoni.

"Vitoe, bwana Zisis."

"Vitu gani? Mimi hata kitandani siondoki, muulize mke wangu."

"Mkeo humwambii kila kitu. Polixeni anafukuzwa leo kwa ajili yako."

 Mgonjwa alivuta vijikaratasi kutoka chini ya godoro.

"Yule mama sikumkusudia," alisema. "Areti anajua jina la ugonjwa. Mwisho wake haujui. Humo ndani wameueleza wote. Kila usiku anatoka kulia, anarudi amenawa uso, ananiuliza vidonda vinaendeleaje. Nikawa namjibu kana kwamba sijui. Andika jina langu, vyote ni mimi."

"Wewe ni vya jikoni tu," Kosmas alisema, kwa uchovu tu, na papo hapo akajuta.

Zisis aliinua kichwa. "Kwani vya roshani vimeibwa pia?"

 Areti alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, vijikaratasi vikichungulia chini ya kitambaa.

"Njoo, bibi," Zisis alisema. "Leo usiniulize habari za vidonda. Kaa hapa."

Areti alikaa kitandani, na kwa mara ya kwanza alilia pale pale, kwa sauti, kichwa kwenye kifua cha mumewe. Zisis alimpapasa nywele huku akigeuza kijikaratasi kwa mkono wa pili.

"Una simu, bwana Kosmas? Hizi namba ndogo sana. Nisomee, au mpigie mwenyewe huyo muuguzi. Mwambie tunatoka kijiji cha juu, barabara ina theluji."

Kosmas alipiga simu kwanza. Kisha alishuka ngazi kumwambia Bi Karali kwamba vijikaratasi vimepatikana, Polixeni hakuhusika, na abaki.