Dereva, Nipeleke kwa Alnashir

Tak.

"Dereva, mbona hatuendi?"

"Tunaenda, dada. Linasumbua kidogo tu."

Alnashir akazungusha ufunguo tena. Tak. Mlio mmoja mkavu chini ya boneti, kisha kimya. Alikuwa nyuma ya usukani mbele ya nyumba yao ya Queensbury, rasharasha za London zikipiga kioo. Kiti cha pembeni alikaa Nurjehan, mkewe tangu walipokuwa vijana kule Tanga. Mkewe, ambaye sasa alimwita dereva.

Ugonjwa wa kusahau ulianza na majina ya majirani, ukala Kiingereza chake chote, mwisho ukamfikia mumewe. Kilichobaki ni Kiswahili na Tanga. Kila alasiri Nurjehan alianza kulia akitaka kwenda, na kila alasiri Alnashir alimzungusha na gari mpaka atulie. Dawa nyingine hakuwa nayo.

"Fanya haraka," Nurjehan alisema, vidole vikisokota ncha ya mtandio. "Baba akirudi kutoka dukani atanifungia ndani. Anataka kunioza kwa yule mtu wa Arusha. Nipeleke kwa Alnashir, nakuomba. Ananingoja."

Yote hayo yalitokea kweli, enzi hizo.

"Huyo Alnashir ni mtu mzuri?"

"Mbishi tu. Na hana kitu. Lakini nikiwa naye siogopi."

Maisha yao yote pamoja, Nurjehan hakuwahi kumwambia maneno hayo. Akazungusha ufunguo tena. Tak.

Simu ikalia. Shelina, binti yao.

"Dad, wale wa nursing home ya wazee wanashikilia chumba cha Mama mpaka leo jioni tu. Please, sema yes."

"Mama yako hawezi kukaa na watu wageni."

"Kwake wewe mwenyewe ni mgeni, Dad!"

Shelina akaanza kulia.

"Sorry, Dad. Sikutaka kusema hivyo."

Alnashir alikata simu. Gurmit, jirani yao Singasinga aliyezaliwa Nakuru, alikuwa anakuja mbio na nyaya za kubusti betri begani.

"Washa taa kwanza, bhai."

Taa zikawaka, kali.

"Sasa jaribu kuwasha gari, nione kama zitafifia."

Tak. Taa hazikufifia hata kidogo.

"Betri iko sawa," Gurmit alisema. Hata hivyo akakaza vichwa vya betri, akaunga nyaya kwenye gari lake. Tak. Akainama, akagonga stata kwa spana huku Alnashir akizungusha ufunguo. Tak. Tak.

Alnashir akashuka, akamfuata pale kwenye boneti.

"Stata imekufa, bhai. Hii haiendi popote leo."

"Gonga tena."

"Alnashir bhai..."

"Nimesema gonga tena, Gurmit! Asipozungushwa na gari leo, mimi sijui..."

Ndipo wakasikia mlango wa gari. Alnashir alipoinua kichwa, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Nurjehan alikuwa anakimbilia barabara kuu, na ndara miguuni. Alnashir akakimbia kwa magoti yake mabovu, akamshika mkono ukingoni kabisa mwa barabara.

"Niache! Wewe si dereva, umetumwa na baba! Nisaidieni!"

Watu wakasimama. Kijana mmoja akainua simu kurekodi.

"Nurjehan, ni mimi! Mimi ndiye Alnashir!"

Nurjehan akamtazama mvi zake, akamtazama mikunjo.

"Alnashir ni kijana. Usinidanganye, mzee."

Akajivuta. Mguu mmoja ukaingia barabarani. Basi likapiga honi ndefu.

Alnashir akahisi mkono wa mkewe unamponyoka.

"Sawa! Mimi siye! Lakini yeye ndiye aliyenituma!"

Nurjehan akasita.

"Amekutuma?"

"Kasema usipite barabara kuu, baba yako atakuona. Umngoje kwenye ile nyumba yenye mlango wa kijani. Anakuja mwenyewe, kwa miguu."

"Apa."

"Wallahi."

Akarudi naye polepole hadi mlango wao wa kijani, hatua kwa hatua, kama dada na dereva wake. Akamketisha sebuleni. Kisha akaingia jikoni, akashika sinki kwa mikono miwili na kulia bila sauti. Lile basi halikumtoka machoni. Siku nyingine hatamwahi.

Akatoka mlango wa nyuma, akazunguka mvuani hadi mbele, akagonga.

"Hodi!"

Nurjehan akafungua. Akamkazia macho muda mrefu.

"Umechelewa."

"Gari lilikataa kuwaka."

"Nilidhani umeniacha."

"Sikuachi, Nurjehan."

Nurjehan akachukua ncha ya mtandio wake, akamfuta mvua usoni. Alnashir hakujua anafutwa yule kijana wa Tanga au huyu mzee wa Queensbury. Hakuuliza. Alifumba macho tu.

Walipoketi, alimwandikia Shelina:

"Waambie yes. Lakini waulize kama na mimi naweza kuhamia. Bila mimi haji."

"Dad?? Una uhakika?"

"Peke yangu siwezi tena, mwanangu. Na kumwacha peke yake siwezi."

Alnashir aliishika simu kwa mikono yote miwili mpaka ikatetemeka.

"Wanasema inawezekana. Mje leo muone. Chumba ni kidogo sana, Dad."

Nurjehan alikuwa akimtazama.

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Tumepata chumba. Kidogo."

"Na wewe utalala hukohuko?"

"Hukohuko."

Nurjehan akajifunga mtandio vizuri, akasimama, akampa mkono. Nje, Gurmit alikuwa ameshalisogeza gari lake mlangoni.