Kipande cha Kulia

Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bi Sichana alikuwa bado juu ya msala, tasbihi mkononi, aliposikia mwanawe anapiga ukelele uani.

"Mama! Wameiba! Mama, wameiba chesisi!"

Hakutoka mbio. Alimaliza kumshukuru Mola wake, akakunja msala, ndipo akaenda dirishani. Chini, katika ua wa nyumba yao ya Malindi, ua ambao zamani ulikuwa bohari ya karafuu, pikapu ya marehemu mumewe, Mzee Abdulla, ilikuwa imekaa juu ya magogo, imekatwa kiunoni. Kebini huku, tairi za nyuma kule, na katikati pengo la kumtosha mtu kupita.

Kukatwa huko hakukuwa wizi. Ilikuwa kazi ya Hamid mwenyewe, mwanawe wa pekee. Alipata kazi ya kuchukua mashuka ya nyumba za wageni, lakini pikapu ile ya zamani, yenye bodi refu la kupakilia magunia, kona ya msikitini iliishinda. Mara mbili mkia wake ulibomoa baraza za watu. Hamid akaamua kuifupisha: atoe kipande cha chesisi, ule uti wa chuma chini ya gari, cha futi mbili kasoro kila upande, avute tairi za nyuma mbele, achomelee, kisha apunguze bodi na propela, ule mtaimbo wa kuzungusha tairi, vilingane.

"Kimechukuliwa kipi?" aliuliza Bi Sichana.

"Cha kulia, mama. Chenye namba!"

Hapo aliinama zaidi dirishani. Ofisi ya ukaguzi ilimpa Hamid ruhusa ya maandishi kwa sharti moja tu: namba ya gari, iliyopigwa kwenye chesisi ubavu wa kulia, ihifadhiwe, na kesho Alkhamisi saa tatu apeleke kipande kile kikaguliwe. Bila ya namba, gari halina jina.

"Na cha kushoto?"

"Kipo. Kimelala pale pale chini ya turubai."

"Usikiguse," alisema Bi Sichana. "Nenda kituoni kaseme mwenyewe, kabla hajakusemea mtu."

* * *

Saa mbili na nusu aliingia Koplo Shemsa, kijana wa kike mwembamba, daftari kwapani. Alikagua ua, akakagua komeo la lango, kisha akapanda juu, kwa sababu Bi Sichana alikuwa katika eda, siku ya tisini na saba, na hakuwa akitoka.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umeona nini?"

"Komeo zima, ukuta mzima. Hamid anasema vipande vyote viwili alivipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu jana saa kumi, yeye na fundi wake. Magharibi viliwapo. Baada ya isha alifunga lango."

"Na baina ya magharibi na isha tulisoma hitima ya marehemu hapo uani," alisema Bi Sichana. "Watu arubaini."

Shemsa alifunga daftari. Sauti yake ilishuka.

"Bi Sichana, sitakuficha. Wiki iliyopita Uroa imeibwa pikapu, aina hii hii, katika ua wa hoteli. Mwizi akitaka kuiendesha mchana, anahitaji namba ya gari halali. Wakubwa wangu wataniuliza jambo moja tu: nani angeweza kuuza namba hii kuliko mwenyewe?"

"Hamid?"

"Nimeambiwa nimchukue. Nimeomba mpaka alasiri."

Bi Sichana alikunja tasbihi kiganjani. Alasiri! Mume amemzika miezi mitatu tu, na mwana naye apelekwe mahabusu?

"Basi tusikae," alisema. "Niletee watu mmoja mmoja. Nitakaa chumba cha chini, nyuma ya pazia. Wewe uliza, na mie ntauliza."

Walipokuwa wakishuka, Hamid alibisha hodi. "Mama, Mzee Yussuf wa msikitini yuko langoni. Anasema tuliazima majanvi tisa ya kukalia kwa hitima, yamerudi manane."

"Jamani!" Shemsa alicheka kwa hasira. "Watu wanatafuta gari, yeye anatafuta janvi!"

"Mwambie atalipata inshallah," alisema Bi Sichana.

* * *

Saa nne na dakika kumi aliletwa Khatib, mnunuzi wa vyuma chakavu. Pazia halikufika chini, na Bi Sichana aliona kandambili mbili, moja ya buluu na moja ya kijani.

"Jana ulikuja na mkokoteni ukitaka vipande vile," alianza Shemsa.

"Nlikuja, sikatai. Hamid akanambia haviuzwi. Nikenda zangu."

"Ukarudi magharibi."

"Nlirudi kusoma hitima! Kwani mie sina dini kwa kuwa nanunua makopo?"

"Khatib," aliita Bi Sichana.

"Naam, Bi Sichana."

"Lau ungeiba chuma, ungechukua vipande vingapi?"

Khatib alishangaa. "Vyote, bibie! Chuma ni mizani. Nani anaacha kimoja?"

Alipotoka, Bi Sichana alimnong'oneza Shemsa: "Huyu kasema kweli. Aliyechukua hakutaka chuma. Alitaka namba, na alijua iko upande gani, ingawa vimelingana na rangi ni moja."

"Basi fundi."

Fundi wa kuchomelea, Mahfoudh, aliingia akivuta mabuti yasiyo na kamba. Jana mchana yeye na Hamid walitupiana maneno hadi jirani walitoka madirishani. Shemsa alimtazama mikono, akaruka kitini.

"Nyekundu! Hii rangi gani mikononi mwako?"

"Rangi ya chesisi. Si nimepaka mimi?"

"Mligombana nini?"

"Mahali pa kukata. Mie na Hamid tulipiga mstari wa chaki Jumapili, huku nyuma karibu na tairi. Jumatatu nakuja, mstari umehamia mbele, nyuma ya kebini tu, pale pale penye namba, na Hamid keshakata. Jana nikamwambia: weye mjinga, ungekata tulipoweka, namba isingeguswa! Akanambia nisimtukane kwao."

"Kwa hiyo ulimkasirikia ukamkomoa."

"Ningemkomoa ningechomelea vibaya, Koplo. Gari likimkatikia njiani nani angejua?"

Shemsa aliandika kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. Lakini Bi Sichana alikuwa amekumbuka. Jumapili jioni alikuwa dirishani. Alimwona mtu anafuta chaki kwa kiganja, anapiga mstari mwengine, na akamsikia akimwambia Hamid: "Kata hapa, mwanangu. Chuma cha hapa ndicho kizima."

Alikuwa Haroub. Rafiki wa Mzee Abdulla wa miaka thelathini, mwenye magari ya kukodisha kwa hoteli za pwani.

*Astaghfirullah*, alijisemea. Kumdhania mtu vibaya ni dhambi. Haroub ndiye aliyeyatoa majanvi msikitini, na alikuwamo miongoni mwa walioyarudisha.

Alisimama papo hapo. Majanvi!

* * *

Haroub alifika mwenyewe saa saba, hakuitwa. Makubadhi yake yalikuwa yamepakwa mafuta, na udi ulimtangulia mlangoni kama mgeni wa pili.

"Bi Sichana, pole sana. Nimesikia sasa hivi. Lo, watu hawana huruma!"

"Nshapoa, Haroub. Yote ni ya Mungu."

"Mie nimekuja na rai. Ukaguzi wakilikataa gari, litakuwa mzigo kwenu. Nipe hiyo kadi ya gari niishughulikie. Nna watu. Mtoto asipate taabu."

"Ahsante. Hebu sogea karibu na pazia, sikusikii vizuri."

Alisogea. Kwa siku tisini na saba Bi Sichana hakujifukiza udi wala hakutia marashi, kama inavyompasa mwenye eda, na pua yake sasa ilichambua harufu kama mtu anayechambua mchele. Alivuta pumzi. Udi juu, mwingi, wa Ijumaa katika siku ya Jumatano. Na chini ya udi, petroli.

"Wewe jana ulirudisha majanvi mangapi, Haroub?"

"Mie? Matatu. Wengine wakachukua yaliyobaki."

"Allah akulipe. Nlikuona kutoka dirishani. Moja ulilibeba begani peke yake, kwa mikono miwili, unakwenda upande. Nikasema moyoni, masikini, Haroub kazeeka."

Makubadhi hayakutikisika. "Umri huo, bibie," alisema, akacheka kidogo.

"Basi usende mbali. Alasiri tunaomba mje nyote. Koplo anataka kufunga shauri."

Alipoondoka, Shemsa aligeuka, macho yamemtoka. "Ni yeye?"

"Mwanangu, mie sijui. Mungu ndiye ajuaye. Nnajua janvi hubebwa na mtoto kwa mkono mmoja. Kimbia msikitini umuulize Mzee Yussuf, Haroub alifika na majanvi mangapi. Kisha nitafutie gari lake liko wapi. Usilifungue. Tazama tu."

Shemsa alikimbia kweli. Alirudi saa nane na dakika ishirini, jasho linamtoka chini ya kofia.

"Mawili! Mzee Yussuf anaapa, mawili! Na gari lake liko nje ya lango lenu, nyuma limefunikwa turubai. Nilifungue?"

"Bado. Akisema kuna mtu kakitia humo, utamjibu nini? Ngoja ajioneshe mwenyewe."

"Tumdanganye? Tumwambie kachukua kisicho na namba?"

"Siwezi kusema uongo, Shemsa, nami nimo edani, na ningekuwa sina eda pia nisingeweza. Lakini kuuliza nnaweza."

* * *

Saa kumi na robo, baada ya sala ya alasiri, walisimama uani mbele ya pazia, sasa limetundikwa mlangoni. Hamid aliwekwa pembeni, pingu bado mkononi mwa Shemsa, haijafungwa. Bi Sichana aliona jozi tatu za miguu: kandambili za rangi mbili, mabuti, na makubadhi.

"Nnasikitika," alisema Shemsa. "Sina ila kumchukua Hamid."

"Ngoja," alisema Bi Sichana. "Nna swali, kisha mchukue. Nawauliza nyote. Vipande vilikuwa viwili, vimelingana, vyote vyekundu, rangi mbichi, chini ya turubai, na magharibi imeshaingia. Huyo aliyechukua ana hakika gani kwamba alichonacho ndicho chenye namba?"

Kunguru alilia juu ya bati.

Kandambili zilibaki zinamwelekea. Mabuti yalibaki yanamwelekea. Kubadhi la kulia liligeuka, taratibu, ncha yake ikaelekea langoni. La kushoto likalifuata.

"Basi, mie niwaache," alisema Haroub. "Nna safari ya Mangapwani kabla ya magharibi."

"Safari njema. Lakini kabla hujenda, Haroub, niambie: hakika ulishaipata, sivyo? Ulifuta rangi kwa petroli ukaisoma namba. Ndiyo maana mikono ya Mahfoudh ni myekundu, ya mwanangu ni myekundu, na yako peke yake inanuka petroli chini ya udi. Nimekuuliza tu, na miguu yako imekwenda kutazama tena."

"Bi Sichana! Hayo ni maneno ya kumwambia rafiki wa mumeo?"

"Hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliyechukua majanvi matatu na kufikisha mawili."

"Ufunguo wa gari, bwana," alisema Shemsa.

"Una hati ya kupekua?"

"Sina. Nalilinda gari hapa mpaka hati iletwe, na wewe hutoki. Au unifungulie mwenyewe."

Haroub alitazama kushoto, alikosimama Mahfoudh. Alitazama kulia, Khatib alikuwa ameshaufunga mlango wa lango kwa mgongo wake. Ufunguo ulianguka mchangani.

Chini ya turubai, nyuma ya tairi la akiba, lilikuwapo janvi lililokunjwa. Hamid alilikunjua kwa pupa, na kipande kikatoka, chekundu chote isipokuwa mahali padogo pa upana wa kiganja, palipooshwa pakawa peupe. Namba ilisomeka mwanzo hadi mwisho.

"Kipo!" Hamid alipiga ukelele ule ule wa asubuhi, lakini safari hii wa furaha. "Mama, kipo!"

"Ile ya Uroa iko wapi?" aliuliza Shemsa.

Haroub aliketi juu ya gogo. "Mangapwani, shambani kwangu. Sikuiba mie. Nliletewa. Nikajua ya wizi, nikaichukua, kwa sababu magari yangu mawili yamekufa na hoteli zinanikimbia. Nikaona la Abdulla ni aina ile ile. Nikasema, wakikosa namba watalitupa, nami nitaipata kadi. Hamid angelala ndani siku mbili tatu tu, kisha ningemtoa."

"Siku mbili tatu," alirudia Hamid. Alitaka kumwendea, Mahfoudh akamshika.

Nyuma ya pazia, sauti ya Bi Sichana haikupanda. "Gari ningekusamehe, Haroub. Chuma ni chuma. Lakini ulikaa juu ya janvi hilo ukamsomea mume wangu Yasin, ukaitikia amin, kisha ukalikunja ukamwibia mwanawe ndani yake. Hilo utalijibu wewe."

Haroub alitoa mikono yote miwili. Shemsa alimfunga pingu iliyokuwa imemsubiri Hamid tangu asubuhi.

* * *

Alkhamisi saa tatu kipande kilikaguliwa, namba ikaandikwa. Ilichukua siku nane zaidi kuchomelea, kukata bodi na kufupisha propela, Hamid na Mahfoudh wakigombana tangu asubuhi hadi jioni kwa mapenzi makubwa.

Ijumaa ya wiki ya pili, Bi Sichana alisimama dirishani. Hakuiona kona ya msikitini, lakini sauti zake alizijua zote. Alisikia mashine inaunguruma, inapunguza, inageuka. Alifumba macho akisubiri ule mkwaruzo wa bati na jiwe, na kelele za mwenye baraza.

Hakusikia kitu. Kisha honi, ndefu, ya mtu aliyeshindwa kujizuia.

"Alhamdulillah," alisema kwa sauti kubwa. "Alhamdulillah!"

Chini langoni mtu alipiga hodi.

"Bi Sichana!" Alikuwa Mzee Yussuf. "Hongera ya gari. Na janvi langu je?"

"Liko polisi, Mzee Yussuf. Ni ushahidi."

"Ushahidi! Na watu wasali juu ya nini leo?"

Bi Sichana alicheka hadi akashika ukuta. Kisha alikwenda chumbani, akatoa mkeka mpya aliousuka mwenyewe kwa siku zote zile za eda, akaushusha kwa kamba kutoka dirishani.